Sifa za Tope

Masika yakipiga usiku kucha, asubuhi Kawangware haitoki na viatu vyake vya kazi. Hutoka na gamubuti au malapa, viatu vyenyewe vikiwa mkononi ndani ya mfuko, mpaka steji ya matatu za namba 46. Hapo mtu husimama kwa mguu mmoja kama korongo, akafuta kidole baada ya kidole, akavaa soksi, akapanda matatu akiwa mtu mwingine kabisa. Aliyemchezesha ngoma hiyo ni tope, mkazi wa Nairobi anayetukanwa kuliko wote. Ni haki sasa litungiwe sifa.

Tope halibagui: humtelezesha mwenye nyumba aliyefuata kodi sawasawa na mpangaji anayemkimbia. Kibera, kuanzia Gatwekera hadi Laini Saba, limekandikwa kwenye fito likawa ukuta, likasitiri maelfu ya watu, na halijawahi kugoma. Tena lina subira. Kibra, jina lililozaa Kibera, kwa Kinubi maana yake msitu. Msitu umetoweka zamani, tope lake bado liko pale pale.

Zaidi ya yote ni msafiri. La Kibera huteremka hadi Bwawa la Nairobi, na lisilonaswa na magugu maji hufuata mto Ngong. La Kawangware huingia vijito vya mto Nairobi. Yote huishia kwenye Athi, ambao mbele huitwa Galana, na ukifika baharini kaskazini ya Malindi huitwa Sabaki. (Binadamu angebadili jina hivyo njiani, polisi wangetaka kujua sababu.) Mlangoni hapo tope huipaka bahari rangi ya chai ya maziwa, wenye hoteli wakanuna, nalo likatua taratibu.

Likitua, msitu huanza. Mchu na mlilana hutangulia kwenye tope changa, ikichomoza mizizi juu kama penseli ili ivute hewa. Mizizi hupunguza kasi ya maji, na maji yaliyopoa huacha tope jingine, basi ardhi hunyanyuka kidogo kidogo. Mkoko husimama kwa mizizi yake ya magongo; watoto wake huota wangali mtini, kisha huanguka na kujichoma topeni kama mikuki. Nyuma yao, palipoinuka, hufuata mkandaa. Majani yanadondoka, kaa wanayaburuta shimoni, mizizi mikuukuu inafia humo humo, tope linafunika yote. Chini huko oksijeni haifiki, na vijidudu vya kuozesha hufanya kazi kwa mwendo wa karani wa masijala: faili likiingia, sahau. Harufu ya yai viza ndiyo risiti.

Hivyo ndivyo kaboni inavyolala ardhini karne kwa karne. Utafiti wa mwaka 2011 katika misitu 25 ya mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ulipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa ikiwa udongoni wala si kwenye miti inayopigwa picha. Huko Gazi, Kwale, mikoko iliwahi kufyekwa kuwa kuni za viwanda. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ukaa ya hekta 117 hivi, na fedha zimeleta maji na vifaa vya shule. Kawangware, inayotoa tope bure, haijaona hata shilingi.

Msifu mwaminifu hafichi aibu ya bwana wake. Tope la bwawani halina chumvi ya bahari inayopunguza methani, kwa hiyo takataka zikioza ndani yake huitoa kwa wingi. Mweka hazina wa pwani ni mfujaji akiwa nyumbani. Pia halijui kiasi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kwenye hori la Mwache, karibu na Mombasa, likaziba mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa imesimama.

Steji ya 46, mtu amemaliza kufunga kamba za viatu. Anagonga lapa kwenye ukingo wa mtaro, bonge linadondoka, maji yanalichukua kuelekea mto Nairobi. Kondakta anapiga bodi mara mbili.