Hewani, Ndani ya Kabati

Kabatini mwangu mna mtu. Natanguliza kusema hivyo asije mgeni akashtuka kama nilivyoshtuka mimi Ijumaa moja, saa sita na robo mchana. Nilifungua kabati nichukue kanzu niwahi msikitini, nikakumbana na magoti mawili, simu inayomulika, na kijana kajigubika blanketi tunalolitunza kwa ajili ya wageni. Akatia kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze. Ninyamaze, kwenye kabati langu! Kisha akanong'ona: "Mjomba, niko hewani."

Hewani gani, mwanangu, na humo ndani hata hewa hamna?

Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Maskati. Kaja kukaa nasi hapa Wawi huku akisubiri majibu ya chuo, na kusubiri ni kazi nzito kwa kijana. Akikosa la kufanya, simu humtafutia. Safari hii imemtafutia programu ya kurekodi podikasti fupi fupi. Unabonyeza, unasema, unarusha, na walimwengu wanakusikiliza, wakitaka. Kila kipindi dakika mbili. Zikitimia, programu inakata hapo hapo, hata kama neno liko nusu kinywani. Jina la programu silitaji, sitaki kesi na mtu.

Kabati ndiyo studio. Nguo, kanieleza, zinameza mwangwi. Hilo si uongo: mwaka 2020, korona ilipowafungia watangazaji wa Ulaya na Marekani majumbani, wako waliorekodi vipindi vyao kabatini katikati ya makoti. Lakini wale walikuwa kwenye makabati yao. Mimi nimesali Ijumaa na kanzu iliyokunjamana mgongoni kama karatasi iliyofungiwa bajia, na mzee wa safu ya nyuma yangu, baada ya sala, kaniuliza kwa upole kama siku hizi nalala nayo.

Tatizo la mpwa wangu ni kimya. Anakitaka, na Wawi hatuna. Uwanja wa ndege wa Pemba, ambao zamani ukiitwa kwa jina letu, uwanja wa Wawi, uko hapa hapa, na vile vindege vya Unguja vikitaka kushuka hupita juu yetu mpaka vikombe vinajibu kabatini, yaani kabati lile jengine, la vyombo. Tuna malori yanayopeleka makonyo ya karafuu kwenye kiwanda cha mafuta. Tuna bodaboda, tuna watoto wa chuo cha Kurani wanaosoma kwa pamoja kila mmoja sura yake, tuna jogoo wa jirani ambaye hajui saa na hataki kufundishwa. Bahati yake kijana ni kuwa harufu haiingii kwenye maiki. Siku kiwanda kinapochemsha makonyo, msikilizaji aliyeko London angepiga chafya.

Kila kelele ikipita, anaanza upya. Asubuhi moja nimehesabu kajitambulisha mara kumi na moja. "Habari yako msikilizaji, karibu katika..." Ndege. "Habari yako msikilizaji, kari..." Jogoo. "Habari yako msi..." Mke wangu, kutoka jikoni: "Ile nazi imeshakunwa au bado?"

Nikamuuliza hiyo podikasti maana yake nini. Hakujua. Nikatafuta mwenyewe, maana serikali imenistaafisha mimi, ualimu haikuugusa. Kumbe neno lenyewe lilichapwa mara ya kwanza mwaka 2004, katika gazeti la Guardian la Uingereza, na mwandishi Ben Hammersley. Na mwenyewe husimulia kwamba makala yake ilikuwa imepungua sentensi, ukurasa haujajaa, ikabidi ajazie, naye akajazia kwa kubahatisha majina ya kitu kilichokuwa hakijapata jina. Basi ni jina la kujazia nafasi. Tangu nilipojua hilo, mambo mengi ya mpwa wangu yamenielea.

Na huu ufupi nao una kwao. Mwaka 2016 vijana wawili wa New York walitoa programu iliyoitwa Anchor, yaani nanga. Unarekodi sauti isiyozidi dakika mbili, unairusha, na mwenzio anakujibu kwa sauti yake. Nanga hiyo haikushika chini. Muda si muda mpaka wa dakika mbili ukaondolewa, programu ikageuka ya kutengenezea podikasti ndefu kama za watu wengine, na mwaka 2019 Spotify ikainunua. Twitter nao, mwaka 2020, wakaja na sauti za sekunde 140. Watu hawa wote wana akili na wana fedha, lakini naapa hakuna hata mmoja wao aliyepata kusalimiana na Mpemba.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta.

Mpwa wangu alikuwa ameishiwa na mada. Alishafanya "Faida za kuamka mapema", aliyoirekodi saa tano mchana na mswaki mdomoni. Alishafanya "Jinsi ya kujiamini", akanong'ona mwanzo mpaka mwisho asimwamshe mke wangu aliyejipumzisha. Hapa kwetu kiwandani wanachukua makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, wanayachemsha kwa mvuke wanapata mafuta ya kuuza nje. Kijana wangu yeye unampa karafuu nzima, anakutolea makonyo. Wafuasi wake walikuwa 41. Thelathini na tatu ni ukoo wetu, saba ni wenziwe wa skuli, na mmoja ni mimi, niliyejikuta mfuasi siku nilipomwazima simu yangu kwa kuwa bando lake limekwisha. La kwangu nalo siku hizi halifiki Jumanne.

Basi jioni moja kanijia na boflo la moto, bado linatoa mvuke. Boflo ambalo hukulituma lina haja ndani yake. "Mjomba," kasema, "nieleze karafuu. Inavyochumwa, inavyochambuliwa, inavyoanikwa. Dakika mbili tu."

Nikakubali. Mtu wa karafuu ni mimi. Nimekulia kwenye jamvi. Nikakaa barazani, yeye kanishikia simu karibu na ndevu, na mkono wa pili kauinua, kila nusu dakika anakunja kidole. Nikaanza.

Nikatoa salamu, kamili, mpaka wabarakatuh, kwa sababu sikulelewa kuikata. Nikawauliza wasikilizaji hali zao. Nikawauliza wa majumbani mwao. Wapo wagonjwa, nikawapa pole. Jirani yetu alikuwa amefiwa wiki ile, isingewezekana mtu wa Wawi asikike duniani kote asitaje msiba wa nyumba ya tatu, nikamtaja, tukamwombea marehemu. Mke wangu akasema kutoka ndani, "Nisalimie na miye!" Nikamsalimia. Kidole cha tatu kikakunjwa. Nikawashukuru waliotuma salamu, ingawa hakuna aliyetuma, lakini ni vizuri kushukuru mapema. Nikamtaja mpwa wangu na mama yake na safari yake ya Maskati na lini anatarajiwa, inshallah. Nikakohoa. Nikasema, "Sasa, ndugu zangu, karafuu..."

Simu ikalia ting. Mwisho wa kipindi.

Kikarushwa hivyo hivyo, kwa jina la "Karafuu, sehemu ya kwanza". Ya pili nikaanza kwa salamu upya, maana anaweza kuwepo msikilizaji ambaye ya kwanza hakuisikia, na kumwingilia mtu bila salamu ni kama kumwingilia nyumbani bila hodi. Mpaka sehemu ya nne nilikuwa sijaufikia mkarafuu. Niliuona tu kwa mbali.

"Mjomba, ninyi wazee hamwezi kufupisha," kijana kasema, kachoka, mkono umemfa ganzi.

Hapo ndipo aliponiudhi. Sie hatuwezi? Zanzibar ina redio tangu 1951, ilipoanza Sauti ya Unguja. Nyumbani kwetu redio ilikuwa moja, ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani kwenye jamvi, kando ya karafuu, zipate nguvu za kumalizia wiki. Nguvu hizo hazikuchezewa. Muziki haukusikilizwa sana, hotuba zilizimwa katikati. Kilichohifadhiwa ni matangazo ya vifo. Mtangazaji anamtaja marehemu, mtoto wa fulani, nduguye fulani wa Wete, mkwewe fulani wa Mkoani, shemejiye fulani aliyeko Tanga, maziko saa saba mchana, habari ziwafikie fulani na fulani na jamaa wote popote walipo. Pumzi tatu, ukoo mzima umepita, na kabla hajafika jina la mwisho baba yangu ameshavaa viatu anakwenda kusimamisha gari. Hakuna aliyesema "karibu tena msikilizaji". Hakuna aliyesema "bonyeza kengele".

Nikamwambia yote hayo. Nadhani ilichukua dakika ishirini na tano. Hakurekodi.

Siku ya pili yake likaja jibu kutoka Maskati. Dada yangu haandiki. Tangu WhatsApp walete sauti mwaka 2013 dada yangu ameacha herufi kabisa, na yeye hana programu ya kumkata. Dakika kumi na moja na sekunde arobaini. Sasa, tangu 2021 WhatsApp wameweka kitufe cha kumwendesha msemaji mbio, na mimi nakiri mbele yenu kwamba huwa nakibonyeza. Kumkimbiza dada mkubwa ni utovu wa adabu, najua. Kwa mwendo wa mara mbili mtu mzima yule, hajat, anakuwa kama dalali wa samaki mnadani. Lakini kuna maharage motoni.

Safari hii nilirudisha mwendo wa kawaida, kwa sababu nilisikia analia. Nikadhani kuna msiba.

Hakukuwa na msiba. Dada alisikiliza sehemu ya kwanza ya karafuu mara tano. Juu ya karafuu hakusema neno, na haki yake, hazikuwemo. Juu ya salamu zangu hakusema neno. Alisema: nimesikia ndege, ile si ya jioni inayorudi Unguja? Nimemsikia wifi yangu jikoni, bado anaita vile vile. Yule jogoo ni wa nyumba ya bondeni? Hajachinjwa tu? Na kulikuwa na honi ya baiskeli nyuma yako ulipokohoa, yule ni muuza samaki, changu siku hizi anauza vipi? Kisha akamwambia mwanawe ampelekee "ile sehemu ambayo hamna mtu anayesema".

Kijana kasikiliza, kaguna, katoka kabatini. Nikashukuru kabla ya wakati.

Sasa simu anaiweka kwenye dirisha la jiko, juu ya kigae, kaifunika kitambaa isiingie moshi. Vipindi vyake vinaitwa "Nazi". "Ndege". "Mvua kwenye bati, sehemu ya pili". Hasemi chochote, na tangu aache kusema wafuasi wamefika 212, wengi wa Maskati, mmoja wa Kanada anayeomba kila siku asikilizishwe mchi na kinu. Na miye, mwenye nyumba, ndiye ninayeharibu. Nikipita na ndara, ananiashiria. Nikimwita mke wangu, ananiashiria. "Mjomba, usikohoe, dakika moja tu imebaki."

Mke wangu naye kabadilika. Akisikia honi ya muuza samaki, kwanza anabadilisha kanga. Halafu anatoka nje, anajiweka upande wa dirisha, na kwa sauti sijaisikia tangu siku tulipopelekana kwa kadhi anasema: "Naam, bwana muuza samaki, changu wako hawa wauzwaje leo?" Mwanamke ambaye miaka yote huanza kwa "Hao si wa jana hao?"

Nikidhani angalau yule bwana wa baiskeli ni mtu wa akili. Juzi mke wangu alipotaka apunguziwe, kama ilivyo kawaida, kajibu bila kushusha sauti, kaelekeza mdomo dirishani: "Bibi, leo sipunguzi. Kule Maskati wananisikia. Nikishusha bei watadhani samaki wangu wamelala."

Changu nimewalipia bei ya kusikika. Nimerudi ndani, kikohozi kimenibana kooni, nje bado wanarekodi. Kabati lilikuwa wazi. Nikaingia, nikajifunika blanketi la wageni, nikafunga mlango, nikakohoa.