Sifa za Mbwa Mdogo Anayesusa

Mbwa mdogo anayesusa ni mtoto wa mbwa, mwenye umri wa kati ya wiki sita na miezi saba, ambaye akiwekewa chakula hukinusa, humwangalia aliyekiweka, kisha huenda kulala. Kususa huku si kukosa njaa. Robo saa baadaye mnyama huyohuyo huonekana akitafuna ndala, fagio au gunzi la mahindi kwa bidii ya kibarua aliyeahidiwa posho. Wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huitwa majina mengi kwa tabia hiyo, na hakuna hata moja la heshima. Si kwamba watu wa pande hizo ni wachoyo wa sifa. Wahaya wa kaskazini mwa mkoa wana majigambo ambayo mtu hujisifu kwayo mbele ya hadhara. Ng'ambo ya mito Ruvubu na Kagera, Warundi na Wanyarwanda humtungia mashairi ng'ombe mwenye pembe ndefu. Hata nzi amewahi kusifiwa: Lucian wa Samosata, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, alimwandikia sifa kamili. Aliyebaki bila msifu ni huyu anayeliacha bakuli limejaa.

Ili sifa zake zieleweke, yafaa kwanza kujua anachokikataa. Mbwa wa wilaya hizi ni mtumishi. Hulinda mbuzi na kuku, hufukuza tumbili na nyani kwenye mahindi, na usiku hubwekea kila kinachopita. Mshahara wake ni makombo: ukoko wa ugali uliolowekwa, ugali wa muhogo uliolala, ndizi zilizobaki na mchuzi wa maharage, au uji mzito wa pumba za mahindi uliotiwa dagaa wachache kwa ajili ya harufu. Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, ni karamu. Lakini hutoka Ziwa Victoria, na ziwa limesogezwa mbali. Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, ilifanywa wilaya, na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita pamoja na ufuko wake. Mbwa hawakushirikishwa katika uamuzi huo.

Chakula hiki huwekwa katika sufuria iliyotoboka au kitako cha dumu lililokatwa, na mbele yake huletwa mtumishi mpya wa miezi miwili. Hapo ndipo fadhila zake huanza kuonekana.

Ya kwanza ni ukweli. Mgeni akiandaliwa maharage yaliyoungua hula, hukisifu chakula, na huomba aongezwe kidogo ili asimwaibishe mwenyeji. Baba mwenye nyumba hula kimya kwa sababu anataka amani. Watoto hula kwa sababu fimbo iko karibu. Katika nyumba nzima ni mmoja tu anayeweza kurudisha chakula jikoni bila kutoa maelezo, naye hajafikisha miezi minne. Tena hahukumu kwa kubahatisha. Ulimi wa mbwa una vinundu vya kuonjea 1,700 hivi, ilhali wa binadamu una karibu 9,000. Kwa hiyo ladha si kipimo chake kikuu. Kipimo chake ni pua, yenye vipokea harufu zaidi ya milioni 200, wakati binadamu anavyo milioni tano au sita tu. Ugali ambao mpishi anauona mzima huenda umeshaanza kuchacha, au sufuria iliachwa na sabuni kidogo, na pua hiyo ikajua kabla ya mtu yeyote. Katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Rusumo, kilichozinduliwa mwaka 2016, maofisa wa Tanzania na Rwanda hukagua mizigo kwa hati na mihuri. Mkaguzi wa chungu hana muhuri. Hunusa mara moja, hugeuka, na uamuzi wake hauna rufaa.

Fadhila ya pili ni kutosahau alikotoka. Watoto wa mbwa huanza kuonja chakula kigumu wakiwa na wiki tatu au nne, na kile wanachokizoea siku hizo huwa ndicho wanachokiita chakula. Mbwa aliyezaliwa nyuma ya banda la chips huko Nyakanazi au Lusahunga, ambako malori ya Rwanda na Burundi hupumzika, amekua akiokota mifupa ya mbuzi wa kuchoma na vipande vya mayai. Akitiwa katika boksi na kupelekwa kwenye kilima cha Ngara akalinde nyumba, hukuta ukoko. Anaposita, husemwa kuwa ana maringo. Wanaomsema hupenda kutumia methali kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo imetoka pwani. Ngara ni nchi ya migomba, na mbwa wa huko hajawahi kuona nazi wala koroma. Wengine husema mwenye njaa hana miiko. Mbwa anayesusa ndiye ushahidi hai kwamba mwenye njaa anaweza kuwa na miiko, walau hadi siku ya tatu.

Wapo wanaomtetea kwa hoja dhaifu kwamba ugali si chakula cha mbwa. Hoja hiyo inamvunjia heshima. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kuwa mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Kwa maelfu ya miaka ya kukaa jikoni mwa binadamu, tumbo lake limejifunza nafaka. Ugali peke yake haumtoshi mtoto wa mbwa, kwa kuwa anahitaji protini na mafuta ili akue, lakini uwezo wa kuusaga anao. Basi anapoukataa ugali, haukatai kwa kushindwa. Anaukataa kwa hiari, na hiari ndiyo inayotofautisha msimamo na ugonjwa.

Fadhila ya tatu ni ukarimu. Mbwa mlafi hulinda bakuli lake kwa meno, na jirani yeyote akisogea huungurumiwa. Mbwa anayesusa huliacha wazi. Kuku wa uani, ambao hawajaandikiwa mgawo wowote, hufika kwanza, bata hufuata, mbwa mkubwa wa jirani hupitia uwazi wa ua na kumalizia. Msemo wa ukisusa wenzio twala, ambao wanadamu huutumia kumkebehi aliyenuna, kuku huutekeleza kimya kimya kila asubuhi. Mayai wanayotaga yana mchango wake, ingawa hakuna anayemtaja yanapokaangwa.

Fadhila ya nne, iliyo kubwa zaidi, ni ualimu. Kwa kawaida huaminiwa kwamba mwenye mbwa humfundisha mbwa. Mwenendo wa nyumba yenye mbwa anayesusa huonyesha kinyume chake. Siku ya kwanza huwekewa ugali mkavu, husita. Siku ya pili ugali hutiwa mchuzi wa dagaa, huramba mchuzi na kuuacha ugali. Siku ya tatu mama mwenye nyumba humwonea huruma na kumimina maziwa yaliyokusudiwa chai. Siku ya nne huvunjwa yai. Siku ya tano mtoto wa nyumba hupiga magoti na kumlisha kwa mkono, akimbembeleza kwa sauti ambayo mdogo wake mwenyewe hajawahi kuisikia. Katika siku tano, mwalimu asiyejua hata kuketi akiamriwa amewafundisha watu wote wa nyumba, bila chaki wala kiboko, kwamba kukataa kunalipa.

Dawa ya somo hili inajulikana, na ni nyepesi kuieleza kuliko kuitekeleza. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne hulishwa mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Kisha mara tatu, na baada ya miezi sita mara mbili. Saa za kula zisibadilike. Chakula kiwe vuguvugu: asubuhi za vilimani ni za baridi, ugali hupoa upesi, na kilichopoa hutoa harufu kidogo, na kisicho na harufu kwa mbwa si chakula. Kijiko cha mchuzi wa dagaa kikichanganywa vizuri hadi ndani hufanya kazi kuliko bakuli zima la mchuzi uliomwagwa juu, ambao hurambwa na kuachia ugali chini. Dagaa wenyewe, maharage yaliyoiva vizuri au utumbo uliochemshwa hutoa protini. Vitunguu havifai, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Mbwa aliyetoka kwingine aanze na kile alichokizoea, kisha chakula kipya kiongezwe taratibu kwa muda wa wiki moja. Ale mahali patulivu, mbali na kuku na mbwa wakubwa, kwani wapo wanaosusa kwa woga tu. Maji safi yawepo wakati wote.

Baada ya hapo bakuli hukaa chini dakika 15 hadi 20, kisha huondolewa, liwe limeguswa au halijaguswa. Hakuna kubembeleza, hakuna yai, hakuna cha kuokotea chini ya meza hadi mlo unaofuata. Mbwa mzima wa afya hukubali baada ya milo michache. Kinachoshindikana kwa kawaida ni nidhamu ya wanadamu: bibi hutupa kipande cha ndizi, mtoto huficha andazi mfukoni, na baba, aliyeitunga sheria, ndiye anayeonekana usiku akimega nyama karibu na mlango. Hakuna mnyama mwingine anayefichua kwa haraka hivyo nani hasa mwenye kauli katika nyumba.

Fadhila ya tano ni uganga, maana kususa kwake mara nyingine ni taarifa ya maradhi. Kwanza yapo meno. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utotoni, na kati ya mwezi wa nne na wa saba hayo hung'oka na kupisha 42 ya kudumu. Fizi zikivimba, ukoko mgumu huwa mateso, na suluhisho ni kuulowesha. Pili ipo minyoo, ambayo huambukizwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama na baadaye kwa maziwa. Mwenye tumbo la ngoma na mbavu za kuhesabika anabeba wapangaji. Wanaosema kikulacho ki nguoni mwako hawakumfikiria yeye, lakini humfaa. Dawa ya minyoo huanza kutolewa akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane. Tatu wapo kupe, wanaoleta homa na kuishiwa damu. Akisusa na kutapika, au akiharisha damu, huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Huyo habembelezwi kwa yai, hupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hata asipokuwa na dalili nyingine, mdogo wa miezi miwili asipokula siku nzima ameshavuka mpaka wa maringo.

Ipo hali moja ambayo haina sifa ya kuimbwa. Mbwa anayetaka kula akashindwa kumeza, anayetokwa mate mengi, aliyelegea taya au kubadilika sauti na tabia, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Wengi hudhani mfupa umemkwama kooni na kumtia mkono kinywani. Mkono huo hautakiwi kutiwa. Virusi hukaa katika mate, na ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate kwenye mchubuko, huosha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali bila kungoja. Chanjo ya mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Anayemsifu mbwa wake bila kumchanja amemsifu nusu.

Kususa hakudumu. Karibu na mwezi wa saba meno 42 huwa yametimia, minyoo imeshatibiwa, na kumbukumbu ya banda la chips imefifia. Siku moja bakuli huwekwa, na kabla mkono haujaondoka huwa tupu. Tangu hapo mbwa huyo hula ukoko, maganda ya viazi, mchuzi uliochacha na hata kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni. Cheo cha ukaguzi kimemtoka. Amekuwa mbwa kama mbwa wengine wa Ngara na Biharamulo. Chakula kilicholala hakirudishwi tena jikoni, mgeni huendelea kusema kitamu, na maziwa hurudi kwenye chai. Kuku peke yao ndio wanaoendelea kufika saa ileile ya asubuhi, kusimama hatua chache kutoka kwenye kitako cha dumu, na kungoja.