Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyebadilisha mkia wa faili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baada ya salamu nyingi na heshima isiyo na kipimo, naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Nimepitia ngazi zote nilizoelekezwa, na kila moja ilinigongea muhuri ikanituma kwa nyingine.

Kwanza, shukrani. Jumatatu tulipokea kwenye flashi faili la mipangilio ya mashine pepe ya Gishubi, ambalo wewe mwenyewe, bila kumsumbua fundi, umelitoa kwenye .vmx na kulitia kwenye .xml kwa kulibadilisha jina tu. Sijawahi kuona kazi ya nusu siku ikimalizwa kwa sekunde 3. Kwa bahati mbaya Linux haina adabu: hulifungua faili na kusoma kilichomo. Ndani bado mna mstari ule ule wa VMware, memsize = "4096", hizo zikiwa megabaiti za kumbukumbu. Libvirt, inayosimamia mashine pepe kwenye seva yetu mpya ya KVM, inataka kumbukumbu hiyo iandikwe kati ya alama za XML, na yenyewe ikiiandika huihesabu kwa kibibaiti: 4194304. Kiasi hakikuongezeka hata punje. Ni kama milima yetu mwaka 2025, mikoa ya Burundi ilipotoka 18 ikawa 5: milima ilibaki palepale, sisi tukachapisha upya karatasi.

Nikiruhusiwa kuendelea, maandishi ndiyo sehemu nyepesi. Mashine ile imezoea kuiona diski yake kwa jina la sda. Ikifika kwenye KVM na diski ya virtio, jina linakuwa vda. Kama initramfs yake haina draiva ya virtio, inawaka vizuri kabisa, inatafuta diski, haioni, inakaa hapo kwenye skrini nyeusi na kistari kinachopepesa. Nimekitazama kistari hicho hadi chai ikapoa. Ndiyo maana ninatumia virt-v2v: inabadilisha maandishi, kisha inaingia ndani ya mashine na kuitayarishia draiva. Mshauri wako mtukufu alipendekeza virt-convert. Ni chaguo la heshima, ila iliondolewa kwenye virt-manager toleo la 3.0, mwaka 2020. Huenda habari ilichelewa njiani.

Sasa lile linalonikosesha usingizi. Mashine ni mbili, na zote mbili, kwa agizo lako, zinaitwa gishubi. Moja ni ya Gishubi ya Gitega, nyingine ya Gishubi ya Muyinga. Kwenye seva za zamani kila moja ilikaa kivyake, hazikujuana. Kwenye seva mpya, ya kwanza iliingia bila neno; ya pili libvirt iliikataa, ikisema jina hilo tayari lina mwenyewe mwenye UUID nyingine. Mwenzangu alishauri nifute ya kwanza. Nilimwomba atoke nje apunge upepo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa magoti yote mawili, naomba idhini ya kuiandikia virt-v2v jina jipya, -on gishubi-gitega kwa moja na -on gishubi-muyinga kwa nyingine. Nimeandika Muyinga, si Buhumuza, mkoa wake mpya, kwa kuwa Muyinga ingali jina la komine, na sipendi kubadilisha jina tena mkoa ukibadilika. Naomba pia mashine zizimwe kabisa wakati wa kazi, jioni moja tu, ofisi ikiwa imefungwa. Na naomba ruhusa ya kulirudishia faili mkia wake wa .vmx, ule wa kabla ya mkono wako kuligusa, ili virt-v2v ilisome lilivyo, maana ndani yake mna anwani ya MAC. Ikipotea, kadi ya mtandao inaweza kuamka na jina jingine, na mashine ikakaa bila mtandao huku kila kitu kikionekana kizima.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Fundi wa chumba cha seva, Gitega

Tanbihi: Kibali chako cha jana, chenye mkia .pdf, hakifunguki. Kwa heshima zote, je, nacho kilikuwa .docx?