Jinsi ya Kumkaribisha Mgeni Bila Kumchosha na Kumsomesha Mtoto Bila Kumwaibisha

Saa mbili kasorobo usiku, ukumbi wa hoteli, mji wowote kati ya Moshi na Mtwara. Mgeni mzungumzaji aliambiwa ataanza saa kumi na mbili na nusu. Tangu saa hiyo kengele imepigwa, wageni wametambulishwa, waliochelewa wametozwa faini, katibu amesoma barua tatu, na mshereheshaji ametangaza mara nne kwamba itifaki imezingatiwa. Mgeni mwenyewe ni muuguzi wa zahanati. Kesho ana zamu ya asubuhi. Ameketi meza kuu, karatasi zake zimelowa jasho mkononi, na mbele yake pilau inapoa.

Karibu na mlango wameketi mama na binti yake wa miaka kumi na minane. Wameitwa kupokea ufadhili wa masomo. Mama anaitazama saa ya ukutani kila baada ya dakika mbili, kwa sababu basi la mwisho la kwao halisubiri neno la shukrani.

Jioni za namna hii nimezikalia nyingi, na mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa Rotary, Lions na klabu nyingine za huduma. Naipenda kazi yetu, na kwa kuwa naipenda sitaki tuifanye vibaya. Yule muuguzi na yule binti ni wageni wa nyumba moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi ndio wenyeji, na dawa wanayo wao. Tuwape nafasi ya kuitoa.

Hatua ya kwanza: Alika anayeijua kazi

Kamati ya programu ikikosa mgeni, mkono huenda wenyewe kwenye orodha ya wakurugenzi na wakuu wa taasisi. Uzuie mkono huo. Mkurugenzi ataleta hotuba aliyoandikiwa. Mtafute anayeishika kazi kwa vidole vyake: fundi anayejua kwa nini kisima cha kijiji fulani kilikauka, mama anayekausha dagaa mwaloni, mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto mia moja na madawati thelathini, mkunga. Klabu iliyomsikiliza fundi wa pampu kwa dakika ishirini haichimbi kisima kingine bila kuuliza nani atanunua vipuri.

Ukimpata, mpigie simu wewe mwenyewe. Mwambie ni watu wangapi watakuwepo, wanajua nini tayari, na ungependa waondoke wakijua nini. Kisha muulize atafikaje na atarudije. Muuguzi anayekuja kutufundisha asilipe bodaboda kwa mshahara wake.

Hatua ya pili: Wasifu uwe sentensi tatu

Kuna wasifu unaoanzia shule ya msingi, ukapita kila semina aliyohudhuria mgeni, ukafika kwenye idadi ya watoto wake. Ukimalizika, wasikilizaji wamechoka na mgeni bado hajafungua mdomo. Sema jina lake, sema anafanya nini, sema kwa nini tumemwita leo. Kisha kaa chini.

Na meza kuu? Kikao cha kwanza cha Rotary kilifanyika Chicago tarehe 23 Februari 1905, katika ofisi ya mmoja wa waasisi wake. Walikuwa wanne: mwanasheria Paul Harris na rafiki zake watatu. Walizunguka kwa zamu kutoka ofisi ya huyu hadi ya yule, na jina Rotary likatokana na mzunguko huo. Watu wanne chumbani hawana haja ya meza kuu. Sisi ambao sasa ni arobaini tunaweza angalau kumketisha mgeni katikati yetu, ale na sisi, azungumze na jirani yake, ili akisimama awe anazungumza na watu anaowafahamu.

Hatua ya tatu: Heshimu saa, tumbo na umeme

Chakula kitangulie, hotuba ifuate. Mwenye njaa husikia harufu tu.

Mgeni apewe dakika ishirini za kuzungumza na kumi za maswali, na dakika hizo zisiliwe na matangazo. Matangazo yakiwa mengi, yaandikwe na kusambazwa. Salamu za rais wa klabu ziwe salamu. Akisema ana machache, yawe machache kweli.

Projekta ijaribiwe kabla watu hawajaingia, kwa kompyuta ileile na waya uleule. Kipaza sauti kijaribiwe kutoka viti vya nyuma. Na mgeni aombwe mapema ajiandae kuzungumza bila picha, kwa sababu umeme hauna adabu ya kumsubiri mtu amalize sentensi.

Kwenye maswali, mwenyekiti wa kikao awe na moyo mgumu. Swali lina mwisho, na mwisho wake ni kuuliza. Mwanachama akianza na “Mimi nilipokuwa mkoa fulani mwaka fulani,” amwombe kwa upole aje kwenye swali. Tumekuja kumsikiliza mgeni, na sisi kwa sisi tutasikilizana wiki ijayo.

Hatua ya nne: Mpe mgeni ruhusa ya kuomba

Hatua hii ndiyo tunayoiruka mara nyingi. Mgeni anazungumza, tunapiga makofi, tunampa kikombe chenye nembo na cheti, tunapiga picha, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza: ungekuwa na watu arobaini wenye taaluma, magari na simu za kuwafikia wengine, ungewatuma nini?

Tarehe 30 Juni 1925, Cedar Point, Ohio, mkutano mkuu wa Lions ulimsikiliza mwanamke aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na miezi kumi na tisa tu. Helen Keller alizungumza kwa ufupi. Aliwaeleza jinsi mwalimu wake alivyompasulia giza lake, kisha akawaomba jambo moja lililo wazi: wawe mashujaa wa vipofu. Lions kilikuwa chama kichanga. Melvin Jones alikianzisha Chicago mwaka 1917. Walisikia ombi, wakaitika. Mwaka 1930 George Bonham, mwanachama wa Lions wa Peoria, Illinois, alimwona kipofu akihangaika kuvuka barabara na fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuiona. Klabu yake ikaanza kupaka fimbo rangi nyeupe na kuwagawia vipofu. Leo ukifika Loresho, Nairobi, utaikuta hospitali ya macho ya Lions. Miaka mia moja imepita, na kazi ya macho bado ndiyo alama ya chama hicho.

Hayo yote yana mzizi katika hotuba ya mgeni mmoja aliyejua anachotaka, mbele ya wenyeji waliokuwa tayari kutumwa. Kwa hiyo mwambie mgeni wako mapema, kwenye simu ileile ya mwaliko: “Dada, ukimaliza tutakuomba ututume kitu kimoja.” Usiku huo katibu aandike ombi, na mwanachama mmoja akabidhiwe kwa jina. Mwezi ukiisha, mgeni apigiwe simu aelezwe lilipofikia, hata kama jibu ni kwamba tumeshindwa. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa klabu ya huduma anakuja na jembe lake mkononi, na ni sisi wa kulipokea.

Hatua ya tano: Piga hesabu ya masomo kabla ya kutangaza ufadhili

Sasa twende mlangoni, kwa yule binti na mama yake.

Wanachama wengine bado huuliza: ufadhili wa nini, na elimu ni bure? Ni kweli kwamba Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini chukua fomu ya kujiunga na kidato cha tano shule ya bweni, uisome pamoja na mzazi. Kuna godoro, shuka, ndoo, sare, viatu vyeusi, rimu ya karatasi, fyekeo au jembe, daftari, na nauli ya kuvuka mikoa miwili au mitatu. Binti amefaulu, serikali imempangia shule, na bado anaweza kubaki nyumbani kwa kukosa godoro na tiketi ya basi.

Klabu inayotaka kufadhili ianze na karatasi hiyo. Ijumlishe kila kitu, iongeze taulo za kike na nauli za likizo zote, izidishe kwa miaka ya masomo. Jumla hiyo ndiyo bei ya ahadi. Kama mfuko unatosha wawili mpaka mwisho, chukua wawili. Kuwaanzisha kumi na kuwaacha njiani ni kuwavunja moyo kumi.

Na usione aibu mfuko ukiwa mdogo. Mchango wa kwanza uliopokelewa na mfuko ambao baadaye ukawa Taasisi ya Rotary ulikuwa dola 26 na senti 50, kutoka klabu ya Kansas City mwaka 1918. Paul Harris alipofariki Januari 1947, michango ya kumkumbuka ikamiminika, na mwaka huohuo wanafunzi 18 wakaanza kupelekwa kusoma nchi nyingine. Ilichukua karibu miaka thelathini kufika hapo.

Hatua ya sita: Chagua kwa haki

Tangazo libandikwe shuleni, ofisi ya kata, msikitini na kanisani, kwa Kiswahili kinachosomeka. Vigezo viandikwe kabla majina hayajaingia. Mwalimu mkuu na afisa wa kata waulizwe, lakini mtu wa klabu afike nyumbani kwa mwombaji ajionee kwa macho yake.

Kisha kuna mtoto wa mwanachama. Ana alama nzuri, ana adabu, na baba yake ndiye anayetununulia soda. Taasisi ya Rotary imeshatuondolea kishawishi: kwa fedha zake za ufadhili wa masomo, mwanachama, mwenzi wake, watoto wake, wajukuu wake na hata wazazi wake hawaruhusiwi kunufaika. Klabu iwe na sheria hiyohiyo kwa fedha zake yenyewe, na iitamke mbele ya wote. Mwaka 1932 Herbert Taylor aliandika maswali manne ambayo Rotary huyatumia kupima jambo, wakati kampuni aliyoiongoza ilikuwa ikikaribia kufilisika, na swali la pili linauliza kama jambo ni haki kwa wote wanaohusika. Mtoto wa jirani aliyekosa nafasi anahusika.

Hatua ya saba: Acha mfano wa hundi stoo

Unaujua mfano wa hundi. Ni kadibodi pana kuliko mlango, imeandikwa kwa tarakimu zinazosomeka ng’ambo ya barabara, na mtoto akiishika anabaki macho mawili juu na viatu viwili chini. Kesho picha hiyo itakuwa kwenye simu za darasa zima. Atafika bwenini jina lake likiwa limetangulia: yule wa hundi.

Msaada wa masomo ni siri kati ya familia na klabu, mpaka mwenyewe atakapotaka kuusema. Usimsimamishe aeleze umaskini wa mama yake akiwa ameshika kipaza sauti, mama akiwa ameketi pale pale. Barua ya ufadhili apewe mchana, nyumbani au shuleni, na watu wawili. Kama klabu inahitaji picha, ipige picha ya magodoro.

Fedha za shule zilipwe shuleni kabla muhula haujafunguliwa. Pesa ya matumizi imfikie mwenyewe kwa simu ya mlezi wake, tarehe ileile kila muhula. Kuchelewesha wiki tatu kwetu ni ajenda iliyoahirishwa. Kwake ni wiki tatu za kukwepa macho ya mhasibu.

Hatua ya nane: Mpe mtu, si fedha peke yake

Kila mfadhiliwa awe na mwanachama mmoja anayempigia simu kila mwezi na kumuuliza mambo mengine zaidi ya matokeo. Anakula vizuri? Nani rafiki yake? Somo gani linamtisha? Mwanachama huyo ndiye atakayemsaidia kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo akifika chuo kikuu, na kumwonyesha ngazi za juu zaidi. Rotary ina ufadhili wa kimataifa wa shahada za uzamili, usiopungua dola 30,000, na pale Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kuna Kituo cha Amani cha Rotary, cha kwanza barani Afrika. Binti wa kijijini hatazisikia habari hizi hewani. Lazima aambiwe na mtu anayelijua jina lake.

Hatua ya tisa: Mwalike tena

Miaka ikipita, binti yule atakuwa muuguzi, au mhandisi, au mwalimu wa darasa lenye watoto mia moja. Mpigie simu. Mwalike aje kama mgeni mzungumzaji, kwa kazi yake, na suala la nani alimsomesha aachiwe yeye kulitaja au kutolitaja. Ajilipie nauli? Hapana, tumtumie sisi. Ale kwanza. Wasifu wake uwe sentensi tatu. Projekta iwe imejaribiwa.

Akimaliza dakika zake ishirini, muulize anatutuma nini. Anaweza kusema wodi ya wazazi haina taa usiku. Anaweza kutaja jina la binti mwingine, kijiji kilekile, aliyefaulu mwaka huu na anayesubiri godoro. Katibu awe na kalamu mkononi kabla hajafika kwenye sentensi hiyo, na kikao kifungwe mapema, maana basi la mwisho bado halisubiri.