Mgeni wa Siku 90

Albox ni mji mdogo wa bara katika mkoa wa Almería, kusini mwa Hispania. Jua ni la bure, na nyumba zilikuwa za bei nafuu. Waingereza wakamiminika na pensheni zao, wakitafuta Hispania ya kweli. Wameipata, sasa wanailalamikia.

Hispania ya kweli hufunga duka saa nane mchana, ikala, ikajinyoosha, ikafungua jioni. Chakula cha usiku ni saa tatu, hata saa nne. Bwana aliyezoea kula saa kumi na mbili hukaa mkahawani peke yake, akitazamana na kisahani cha zeituni. Karani wa manispaa naye ana kosa lisilosameheka: anazungumza Kihispania. Mgeni hupaza sauti, kana kwamba Kiingereza kikisemwa kwa kelele ya kutosha hugeuka Kihispania.

Kisha ukaja mwaka 2016. Kule nyumbani Uingereza wakapiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya, wengi wao wakisema wahamiaji wamezidi. Bwana wetu aliunga mkono. Yeye mhamiaji? Hasha! Yeye "anaishi ng'ambo" tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazungu wenzake wamemvumilia zaidi: baada ya Uingereza kujitoa, Mwingereza asiye na kibali cha ukaazi ana siku 90 katika kila siku 180. Jembe hajapewa. Amepewa foleni ya pasipoti, asimame na sisi.