Namna ya Kudai Patasi Mpya na Bado Ukaalikwa Harusini

Fundi wa Nairobi patasi yake ikimeguka, huingia dukani, akamkaripia kijana asiyemjua, akatoka na mpya au na matusi. Huku Amu, yaani Lamu, hatuna anasa hiyo. Mwenye duka ni mkwe wa dada yako, au mlikaa naye chuo kimoja mkisoma juzuu, au Ijumaa mtasimama bega kwa bega msikitini. Kumrudishia kifaa kibovu kunakaribia kurudisha posa: jambo lawezekana, ila lina adabu zake. Adabu zenyewe ni hizi.

1. Ingia dukani na tupa mfukoni. Dai jema huanza kabla ya kununua. Omba kuitazama patasi, kisha pitisha tupa taratibu karibu na makali. Tupa ikiteleza, chuma kimetiwa maji barabara. Ikiuma na kuacha vumbi, chuma ni laini, na makali hayo yatajikunja siku utakapoyatia kwenye mbambakofi. Mwenye duka akiuliza unafanya nini, mwambie unaisalimu.

2. Risiti ina ajali yake. Ile karatasi laini ya mashine hufifia kwa joto, na joto tunalo. Siku utakapoihitaji utakuta karatasi nyeupe, safi, isiyomshuhudia mtu. Ipige picha siku hiyo hiyo, au lipa kwa M-Pesa: ujumbe una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Pesa taslimu huteremsha bei, lakini shahidi wako anabaki Mungu peke yake.

3. Isome dhamana kwa jicho la baharini. Karatasi ya ndani ya pakiti hukuahidi dhamana ya maisha kwa herufi kubwa, kisha kwa herufi ndogo huondoa kutu, kuchakaa kwa kawaida na kugongana na chuma kingine. Sasa tazama kazi ya kijijini Matondoni. Fundi anakarabati jahazi kuukuu, hewa ina chumvi usiku na mchana, mbao zimejaa misumari ya zamani, na patasi haina budi kukutana na mmojawapo. Masharti yote matatu yamevunjwa kabla ya adhuhuri. Mababu walioshona vyombo vyao, mitepe, kwa kamba, bila msumari, wangeponea hilo la tatu; bahati mbaya patasi zao hazikuja na karatasi.

Tena uliza: maisha ya nani? Duka la Sears la Marekani lilianza kuuza vifaa vya Craftsman mwaka 1927, likasifika kwa dhamana hiyo: leta spana iliyovunjika, chukua nyingine, risiti ya nini. Mwaka 2017 likaiuza chapa yenyewe, na Oktoba 2018 likaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Spana zinadunda bado.

4. Tenga ubovu na uzee. Makali yaliyojikunja wiki ya kwanza, mpini uliopasuka kwa pigo la kawaida, kichwa cha nyundo kilichochomoka na kuruka: huo ni ubovu, udai. Msumeno ulionolewa mpaka meno yakabaki fizi, randa uliyoachiwa na babu yako: huo ni uzee, na uzee haudaiwi kwa mtu. Wako wanaousugua uzee kwa msasa ili ufanane na ubovu. Msasa huo aliwauzia mwenye duka, naye anakumbuka siku.

Kutu iondoe na chuma ukipake mafuta. Ya cherehani yanatosha. Sifa, ile tunayopaka vyombo vya baharini, nayo inakinga, na harufu yake juu ya kaunta huharakisha mazungumzo kuliko barua yoyote.

5. Nenda baada ya alasiri. Asubuhi ana wateja, adhuhuri ana njaa. Alasiri yuko barazani na kahawa. Usianze na patasi. Uliza hali ya watoto, uliza mguu wa mamake, uliza kama kusi limetulia. Kwenye kikombe cha pili, iweke patasi barazani, kimya.

"Nini hiyo, fundi?"

"Mgeni wako, ami. Amerudi kukuamkia."

"Ulimfanyia nini?"

"Nilimpa kazi."

Atacheka. Kisha atasema, "Kampuni iko Nairobi. Ndoo kesho." Usikasirike. Nenda kesho, na kesho kutwa nenda tena, ukae pale pale, patasi mbele yako, salamu ndefu. Wanunuzi watauliza ni ya nani. Wewe kunywa kahawa. Kujibu ni kazi yake.

6. Usikubali kusafiri. Atakushauri uipeleke mwenyewe. Boti hadi Mokowe, basi kwa Witu na Garsen hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300, halafu Nairobi. Fundi wa Faza au Kizingitini huanza kwanza kwa kungoja maji yajae kwenye mlango-bahari wa Mkanda. Nauli peke yake inanunua patasi nyingine na msumeno juu. Hapa ndipo dhamana nyingi huishia: hakuna aliyezikataa, ziliwekwa mbali tu.

7. Itaje sheria kana kwamba umeisikia redioni. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji, Nambari 46 ya 2012, inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora huo hata kama hakutamka neno. Kwa hiyo lile tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi" ni pambo la ukuta, kifaa kikiwa kibovu. La maana zaidi, mzigo uko kwa aliyekuuzia, na yeye hayuko Nairobi, yuko mbele yako anamimina kahawa. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiliza madai hadi shilingi milioni moja, ila ukifika huko kwa sababu ya patasi, harusi isahau.

8. Ukishinda, usishangilie. Utapewa patasi ya katoni ile ile. Toa tupa tena. Ikiuma, omba pesa zako, umpelekee mhunzi akufulie moja kutokana na springi kuukuu ya lori. Mhunzi hana karatasi. Makali yakijikunja atayarudisha motoni wewe umesimama hapo hapo, huku akiutangazia mtaa mzima kwamba hujui kushika nyundo. Masharti yake ni hayo tu, na hayana herufi ndogo.