Mgonjwa wa Kiasi

Kila Januari mwajiri wangu hapa Dallas hupata bima ya afya nafuu zaidi, na kila Januari mimi hugeuka mgonjwa mpya. Taarifa huja na picha ya familia inayocheka bustanini. Familia ile, nawaapieni, haijawahi kubadilishiwa bima.

Daktari wangu wa siku zote, anayejua hata mambo ya marehemu bibi yangu, hayumo kwenye orodha ya bima mpya. Hakuna anayenikataza kwenda kumwona, ila nilipe kutoka mfukoni. Nilipoulizia bei nikashukuru na kukata simu.

Dawa zangu za wasiwasi ni mbili. Kuna sertraline ya kila asubuhi, halafu kuna vidonge vichache vya lorazepam vya dharura, ambavyo nikijua tu kuwa vimo mfukoni, nusu ya kazi imeshafanyika. Ile ya asubuhi haiachwi ghafla. Ukiiacha ghafla kichwa kinazunguka, usingizi unapotea, na ubongoni unahisi kama shoti ya umeme inapita. Madaktari wanalijua hilo. Hata yule karani wa kliniki mpya analijua, maana nilimweleza kwa kirefu. Akanisikiliza, akanipa pole, akaniambia nafasi ya karibu kwa mgonjwa mpya ni mwezi wa nne. Na mpaka mwezi wa nne nifanye nini? Nikizidiwa nipige 911.

Bahati, mtu mmoja akaghairi miadi yake, Mungu amzidishie. Jamaa yangu mmoja wa Mombasa, mzoefu wa vita hivi, akanipigia kunifunda.

“Ndugu yangu, usiende umependeza. Wakikuona mzima watasema dawa za nini. Lakini usiende umechakaa pia, watakuona teja.”

“Sasa niweje?”

“Kuwa mgonjwa wa kiasi.”

Nikavaa shati lililopigwa pasi upande mmoja.

Mapokezi nikapewa ile fomu ya maswali 7 iitwayo GAD-7, inayotumika tangu 2006. Kila swali unajipa alama, sifuri hadi 3, na ukifika 10 wanaanza kukutazama kwa makini. Hapo ndipo nilipokwama. Dawa ikikufanyia kazi, alama zinashuka. Alama zikishuka, unaonekana huhitaji dawa. Wa shinikizo la damu hasumbuliwi hivi: presha yake ikitulia, daktari anaisifu dawa na kuiandika tena. Wasiwasi wangu ukitulia naulizwa kama kweli niliwahi kuumwa. Swali la mwisho lilitaka kujua kama nahisi hofu kana kwamba jambo baya litatokea. Nikautazama mlango wa daktari. Nikaandika 2.

Jumla ikaja 6, yaani wasiwasi mdogo. Daktari, kijana mwenye viatu vya kukimbilia, akafurahi. “Unaendelea vizuri sana!”

“Kwa sababu ya dawa, daktari.”

“Basi labda lorazepam hatuihitaji?”

Nikahisi alama zangu zinapanda palepale, lakini fomu alikwishaichukua. Kisha akageukia kompyuta. Texas ina daftari la kielektroniki la dawa zinazodhibitiwa, na tangu 2020 sheria inamtaka daktari alichungulie kabla ya kukuandikia dawa za aina hii. Sina ugomvi na sheria hiyo, maana dawa hizi zimewaharibu wengi. Lakini kukaa kimya huku mtu akisoma historia yako na kukutupia jicho kila mstari, hata malaika angetokwa jasho. Akauliza kwa nini nilimwacha daktari wa zamani. Nikamwambia hatukuachana, tuliachanishwa.

Akataka faili langu. Kliniki ya zamani ilisema imelituma kwa faksi. Kliniki mpya ikasema haijaona faksi. Nchi hii ilimfikisha mtu mwezini mwaka 1969. Faili langu lilishindwa kuvuka barabara ya Central Expressway.

Mwishowe akaniandikia zote mbili, ile ya dharura vidonge 10 pamoja na mawaidha. Nikaenda famasi nikijiona mshindi. Kumbe natumia miligramu 150, yaani kidonge kimoja na nusu cha 100, na kompyuta ya bima inaruhusu kimoja kwa siku. Ile nusu inahitaji idhini ya awali: daktari aandike barua kueleza kwa nini nusu ya kidonge ni muhimu kwa maisha yangu, halafu mtu asiyewahi kuniona aikubali au aikatae.

Mfamasia, mama mmoja wa makamo mwenye miwani shingoni, akaniinamia. “Ukilipa taslimu bila bima, ni rahisi kuliko mchango wako ukitumia bima.” Zamani mikataba mingine iliwafunga wafamasia midomo wasiseme jambo kama hilo, mpaka sheria ya 2018 ilipokataza kufungwa huko. Nikalipa, nikapewa chupa yangu, sertraline halali isiyo na mwenyewe ila mimi.

Bima nayo inaendelea kukata chake kwenye mshahara wangu kila wiki mbili, na haijawahi kuniomba idhini ya awali.